Mwaka wa pili analipa nani? Mada za biashara kwenye mikutano ya programu huria

Mwaka 2019, IBM ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya Red Hat kwa takribani dola za Marekani bilioni 34. Red Hat haikuwa na siri ya kuficha. Bidhaa yake kuu imejengwa juu ya Linux, programu ambayo msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kilichonunuliwa ni mikataba ya usaidizi na matengenezo, jina linaloaminika, na wahandisi wanaoujua mfumo huo nje ndani. Kwa njia hiyo, kampuni ilikuwa imevuka mapato ya dola bilioni moja tangu mwaka wake wa fedha wa 2012.

Biashara ya programu huria ipo, na ni kubwa. Hata hivyo, kijana mwenye kampuni ya watu watano Kijitonyama, Dar es Salaam, au Nairobi akitaka kujifunza inavyoendeshwa, hana mahali pengi pa kwenda. Mikutano ya fani hii ndiyo ingemfaa zaidi, kwa sababu hapo hukutana waliouza, waliokosa mauzo na walionunua. Tatizo ni namna mada za biashara na masoko zinavyochaguliwa.

Wasanidi wengi wa programu wamekulia katika imani kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mada ya ufundi hupokewa kwa heshima, ile ya mauzo hutazamwa kwa shaka, na shaka hiyo haikutoka hewani. Katika mikutano mingi inayotegemea wadhamini, mdhamini wa daraja la juu hupewa kibanda, nembo yake ukutani na dakika kadhaa jukwaani. Dakika hizo zikichanganywa na mada zilizoshindanishwa, msikilizaji hajui anafundishwa au anauziwa. KubeCon, mkutano mkubwa wa Kubernetes, programu huria ya kusimamia programu kwenye seva nyingi, huandika kwenye ratiba yake kwamba hotuba fulani ni ya mdhamini. Huo ni uungwana mdogo usio na gharama, na kila mwandaaji angeweza kuuiga.

Upande wa pili ni FOSDEM ya Brussels, ambako maelfu huingia kila mwaka bila kiingilio wala kujiandikisha. Pale msimbo ndio mfalme. Mikutano mingine iko katikati ya pande hizo mbili: FOSS4G, mkutano wa programu huria za ramani na taarifa za kijiografia, una desturi ya kuwaruhusu wanajumuiya kupigia kura mada zilizoombwa kabla kamati haijaamua. Kura husaidia kujua watu wanataka nini, lakini mada ya biashara huumia hapo, maana wapiga kura wengi ni mafundi, na swali la bei hawalioni mpaka siku mshahara unapochelewa.

Kwa kawaida kamati hupokea fomu yenye kichwa cha mada, muhtasari wa aya moja au mbili na wasifu wa mwasilishaji. Chukua mfano wa fomu mbili. Ya kwanza inasema: “Tutaeleza jinsi jukwaa letu linavyoziwezesha taasisi kufikia mageuzi ya kidijitali.” Ya pili inasema: “Tutaonyesha tulivyopanga bei ya matengenezo ya mfumo wa ramani kwa halmashauri tatu, gharama zilizotuzidi, na sababu ya halmashauri moja kutohuisha mkataba.” Ya kwanza ina maneno ya kupendeza, lakini haina hata kitu kimoja ambacho msikilizaji ataondoka nacho. Ya pili ina mteja, bei, kosa na matokeo. Kamati isisite hata kama mwombaji wa kwanza anatoka kampuni yenye jina.

Kigezo kikuu kingekuwa swali moja: mwaka wa pili analipa nani? Mwaka wa kwanza wa mradi wa programu huria mara nyingi una mfadhili, ruzuku au ari ya waanzilishi. Mwaka wa pili ndipo seva inadai ada, toleo jipya linatoka, na fundi aliyejenga mfumo amepata kazi kwingine.

Mifano tunayo hapa hapa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini kila toleo jipya la programu huja na menyu na ujumbe mpya, na tafsiri isiyo na mlipaji wa kudumu huachwa nyuma. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Ramani Huria iliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam katika kazi ya kuchora mitaa yenye mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mwaka 2018 FOSS4G yenyewe ikaja katika jiji hilo, miaka kumi baada ya kufanyika Cape Town. Ramani ya mtaa nayo huchakaa: nyumba zinaongezeka, mitaro inaziba, njia zinahama. Mada inayoeleza nani anagharimia kuihuisha ramani baada ya mradi kufungwa ina thamani zaidi kuliko mada kumi za kusifu ramani ilivyopendeza.

Swali hilo linamhusu pia mnunuzi. Mwaka 2018 kampuni ya MongoDB ilibadili leseni ya programu yake kutoka huria kwenda yenye vizuizi, Elastic ikafuata mwaka 2021, na HashiCorp mwaka 2023. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba wengine, hasa wakubwa wa huduma za wingu, walikuwa wakiuza walichojenga wao. Majibu yalikuwa matawi mapya: Amazon ilianzisha OpenSearch kutoka kwenye msimbo wa Elasticsearch, programu ya utafutaji ya Elastic, na OpenTofu ikazaliwa kutoka kwenye programu ya Terraform ya HashiCorp. Elastic ilirudisha leseni huria mwaka 2024. Taasisi iliyojenga mifumo yake juu ya programu hizo ililazimika kuchagua njia katikati ya safari. Kwa hiyo mada inayofafanua mwenye programu anapataje fedha, na nani ana mamlaka ya kubadili leseni, inamlinda mteja kama inavyomfunza muuzaji.

Kwa upande wa masoko, mada nyingi huishia kwenye idadi ya walioipakua programu. Takwimu hiyo inafurahisha, lakini aliyepakua si mteja. Mada nzuri hueleza daraja kati ya hao wawili: nyaraka zilizoandikwa vizuri zilileta simu ngapi, mafunzo ya siku mbili yalizaa mikataba mingapi, kwa nini mtumiaji wa miaka mitatu hatimaye alikubali kulipia usaidizi. Kampuni ya Automattic huuza huduma ya WordPress.com wakati WordPress yenyewe, programu huria ya kujengea tovuti, inapatikana bure. Wanachonunua watu ni kuepushwa na kero ya seva. Kutambua kero ambayo mteja yuko tayari kulipia iondoke ndiyo kazi ya masoko, na inafundishika.

Kwa kampuni zetu, somo lililo adimu kuliko yote ni la zabuni. Katika jedwali la bei, safu ya leseni inasomeka sifuri, na mjumbe wa kamati ya tathmini anauliza kama kitu cha bure kinaaminika. Aliyewahi kulijibu swali hilo na kushinda zabuni, akahamishia thamani kwenye ufungaji, mafunzo na matengenezo ya miaka mitatu, ana mada inayostahili ukumbi mkubwa. Aliyeshindwa naye anastahili nafasi, akieleza bei yake ilikosea wapi.

Waandaaji wanaweza kuanza na hatua tatu. Wamweke mnunuzi mmoja, kwa mfano ofisa wa TEHAMA wa hospitali au halmashauri, kwenye kamati ya kuchagua. Waitake kila mada ya biashara itaje angalau bei, gharama au masharti ya mkataba mmoja, hata kama jina la mteja litafichwa. Na nafasi za wadhamini waziandike hivyo kwenye ratiba. Mhudhuriaji naye, kabla hajalipia nauli, asome muhtasari wa kila mada akitafuta tarakimu. Asipoiona, atumie saa hiyo kuzungumza na walio vibandani. Na kampuni za Afrika Mashariki zisisubiri kualikwa. Wito wa mada hutolewa miezi kadhaa kabla ya mkutano, fomu hujazwa kwa jioni moja, na hesabu za mikataba yao ya mwaka wa pili ni elimu ambayo hakuna mtu wa Brussels wala California anayeweza kuitoa kwa niaba yao.