Ukipewa mche na jirani, uliza na mapishi yake

Masika yanapoelekea ukingoni, udongo ukiwa bado na unyevu, majirani katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Morogoro hugawana mboga za kupanda. Huyu huleta marando ya matembele, yule mbegu za mchicha, mwingine vipande vya shina la muhogo kwa ajili ya kisamvu.

Kupanda si kazi kubwa. Rando la sentimeta 30 hivi hufukiwa zaidi ya nusu, hata kwenye kiroba au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Matembele na mchicha humpatia mtoto vitamini A inayolinda macho, na madini ya chuma yanayotengeneza damu. Mafuta kidogo au karanga husaidia mwili kuifyonza vitamini hiyo. Ndimu husaidia kwa madini ya chuma.

Kisamvu kinahitaji uangalifu zaidi. Majani mabichi ya muhogo hutoa sumu ya sianidi, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima. Bibi anayesisitiza yatwangwe kwanza, kisha yachemshwe sana bila kufunika sufuria, ana sababu: kutwanga huifungua sumu, na moto huitoa pamoja na mvuke.

Mnavu nao huliwa majani yaliyochemshwa. Vitunda vyake vya kijani, ambavyo havijaiva, watoto wasivichezee wala kuvila.

Kwa hiyo mzazi, unapopokea mche, muulize aliyekupa: unapikwaje, na sehemu gani hailiwi?