Kindu: Windows 10 imefika mwisho, je studio za Mikelenge zibadilishe sistemu leo?

Katika studio ndogo za komini ya Mikelenge, hapa mjini Kindu, ordinatere inayorekodi kwaya mara nyingi ndiyo ile ile inayoandika barua za wateja, inayochoma CD na kutia nyimbo ndani ya fulashi. Ikikwama, kila kitu kinakwama. Na tangu mwezi wa 10 mwaka 2025, mashine za namna hiyo zinaleta tangazo kwenye kioo: Windows 10 haihudumiwi tena, mwenye nayo ahamie Windows 11. Kuna wanaobonyeza ndiyo upesi upesi kusudi tangazo litoke. Kuna wanaolifunga kila asubuhi na kuendelea na kazi.

Kwanza, ni nini kimekwisha? Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haina maana kwamba mashine itazimika. Itawaka kama jana, FL Studio au Cubase itafunguka kama jana. Kilichokwisha ni masahihisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambamo virusi hupitia. Kwa watu binafsi, Microsoft ilifungua mpango wa kuongeza mwaka 1 wa masahihisho hayo, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashine zenye Windows 10 toleo la 22H2. Mtu anajiandikisha ndani ya sehemu ya masahihisho ya Windows yenyewe. Fundi anayesema kwamba "bila Windows 11 ordinatere imekufa" anauza kazi yake tu.

Swali la pili ni kama mashine yenyewe inakubali. Windows 11 inaomba memori ya giga 4, nafasi ya giga 64 kwenye diski, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Lakini kinachofunga mlango kwa wengi ni prosesa. Kwa mashine za Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni kuanzia kizazi cha 8. Kukijua si vigumu: iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6, inakataliwa; i5-8250U ni ya kizazi cha 8, inapita. Laptopu nyingi za okazyo, zile HP na Dell zilizotumika maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai, ni za kizazi cha 4 hadi cha 7.

Kuna mafundi wanaopitisha Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hizo, na inaingia kweli. Ila Microsoft haiahidi kwamba masahihisho yatafika huko. Kwa hiyo mwenye studio anakuwa amelipia kazi, amejitia katika mashaka, na kile alichokikimbia bado kiko nyuma yake.

Kwa mtu wa muziki, jambo zito zaidi liko kwenye kadi ya sauti, kile kisanduku ambamo mikrofoni na gitaa vinaingilia. Kinazungumza na Windows kwa njia ya piloti, programu ndogo iliyotengenezwa na kiwanda cha kadi hiyo. Sistemu ikibadilika na kiwanda kisitoe piloti mpya, kadi nzima inaweza kubaki taa inawaka tu bila sauti. Au sauti inatoka, lakini inachelewa.

Kuchelewa huko kunahesabika. Mashine huweka kando akiba ndogo ya sauti mbele ya kuitoa, na akiba hiyo huitwa bafa. Bafa ya sampo 128, kwa sampo 44.100 kila sekunde, ni kama milisekunde 3. Mwimbaji hasikii kitu. Bafa ya 1024 ni zaidi ya milisekunde 23, na hapo mwimbaji anajisikia nyuma ya mdomo wake mwenyewe, anaanza kuvuta wimbo, na kwaya nzima inapotea. Tena sauti inapita njia mbili, kuingia na kutoka, kwa hiyo anachosikia mwimbaji ni zaidi ya hapo. Studio iliyokuwa inarekodi vizuri na 128 ikilazimika kupanda hadi 1024 baada ya kubadili sistemu, imepoteza kitu hata kama kioo kimekuwa kizuri.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2019, Apple ilipotoa macOS Catalina, iliacha kabisa programu za biti 32, na plagini nyingi za zamani hazikufunguka tena. Waliobadili siku ya kwanza walikuta miradi yao haina vinanda wala ngoma. Na Januari 2025, sahihisho la kawaida la mwezi, hata kwa Windows 10, lilifanya vifaa fulani vya sauti vya USB vya aina ya zamani visifanye kazi. Microsoft yenyewe ilikiri kosa hilo, na dawa ikaja baadaye. Waliosubiri hawakuona tatizo lolote. Kwenye Windows 11 mtu anaweza kusimamisha masahihisho hadi wiki 5, na kwa studio yenye kazi mezani, hicho ni kitufe cha kujua.

Chukua mfano wa kwaya inayotaka kutoa albamu siku ya Pasaka. Nyimbo 6 zimerekodiwa, 4 zimebaki, michango ya waumini imekwisha kulipwa. Huo si wakati wa kugusa sistemu, hata kama fundi ana nafasi leo. Wakati wake ni baada ya kazi kutolewa na kabla ya nyingine kuingia, mwenye studio akiwa na siku 3 au 4 za kujaribu bila mteja mlangoni.

Tena kuna neno moja la kuogopa: kuformati. Mafundi wengi hawabadilishi Windows juu ya ile iliyopo, wanafuta diski na kuweka mpya. Miradi iliyowekwa kwenye dawati la kioo inaondoka pamoja nayo, na programu zilizotiwa kwa kopi bila leseni, ambazo si siri kwamba ni nyingi, pengine hazirudi. Mbele ya fundi kugusa kitu, miradi yote, pamoja na sauti ghafi, inapaswa kuwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo ifunguliwe kwenye mashine nyingine kuhakikisha kwamba kweli inasomeka. Kila wimbo utolewe pia kama faili za WAV, sauti moja moja. Hizo zinafunguka popote, hata programu ya kwanza ikikataa.

Hapa Kindu kuna mambo mengine mawili, kura na mega. Windows 11 ina uzito wa giga 5 au zaidi, na kuiweka kunaweza kuchukua saa nzima, kwenye diski ya zamani hata zaidi. Kura ikikatika katikati na betri imechoka, mashine inaweza kukataa kuwaka. Kazi hiyo ifanywe betri ikiwa imejaa na umeme wa jua au jenereta iko tayari. Iliyobadilishwa bila kuformati inaweza kurudishwa Windows 10 ndani ya siku 10, kwa hiyo majaribio ya mikrofoni, plagini na bafa yafanywe siku hizo hizo.

Anayebaki na Windows 10 aiondoe mashine ya studio kwenye intaneti, atume nyimbo kwa simu au kwa mashine nyingine. Hapo adui anabaki fulashi za wateja, zinazozunguka kutoka sekretaria hadi studio zikibeba virusi. Zipitie kwenye mashine nyingine kwanza.

Na mwenye franga chache, mara nyingi kuongeza memori na kuweka diski ya SSD kunasaidia muziki kuliko Windows mpya. Ila uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, njia moja ya vifaa ilikatika. Kwa hiyo anayetaka SSD aiagize mapema, na fundi asifungue ordinatere mpaka SSD iwe mkononi.