Kambi za likizo za vijana Wakristo: kwa nini farasi ni nadra Rusizi, na mzazi aulize nini?

Likizo ndefu ya shule nchini Rwanda huangukia kiangazi, kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Katika sekta ya Nyakabuye, wilayani Rusizi, kama ilivyo katika maeneo mengi ya mashambani, wazazi hujiuliza swali lile lile kila mwaka: kijana atakaa wapi, na nani, kwa muda wote huo?

Makanisa yamekuwa yakijibu swali hilo kwa kuandaa kambi. Katika nchi za Magharibi, hasa Marekani, kambi ya Kikristo ya kupanda farasi ni jambo la kawaida, na picha zake huwafikia vijana wa Afrika Mashariki kupitia simu na jamaa waishio ughaibuni. Je, kambi ya namna hiyo inawezekana Rusizi?

Kambi hizi zilitoka wapi?

Kambi ya vijana inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza Marekani ilifanyika mwaka 1861, pale mwalimu Frederick William Gunn na mkewe walipowachukua wanafunzi wao kwenda kuishi kwa wiki mbili ufukweni katika jimbo la Connecticut. Makanisa na jumuiya za Kikristo yaliuchukua utaratibu huo baadaye. Young Life, iliyoanzishwa Texas mwaka 1941 na leo inafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, ni mfano mmojawapo.

Farasi aliingia kambini kwa sababu mbili. Kwanza, tayari alikuwapo katika mashamba ya mifugo ya magharibi mwa Marekani. Pili, viongozi waliona kwamba mnyama huyo hufundisha mambo ambayo hotuba haiyafikishi. Hatii kelele wala hasira. Humtaka kijana atulie, awe na subira, amlishe na kumsafisha kabla ya kumpanda.

Afrika Mashariki nayo ina mapokeo yake. Uamsho uliochipuka Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930 ulizaa makongamano makubwa, likiwamo la Kabale, Uganda, mwaka 1935. Waadventista Wasabato nao wana makambi yao ya kila mwaka, ambayo familia nzima huhudhuria. Katika mapokeo hayo kuna nyimbo, mafundisho na ushuhuda, lakini hakuna farasi.

Kwa nini farasi ni nadra?

Sababu kubwa ni maradhi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma hasa wakati wa usiku na wanaozaliana penye unyevu. Hauna tiba, na katika kundi ambalo halijawahi kuupata unaweza kuua zaidi ya farasi tisa kati ya kumi. Punda na pundamilia huambukizwa pia, lakini kwa kawaida hawaugui sana, hivyo virusi huweza kuendelea kuwapo bila kuonekana. Thailand ilipata mlipuko wake wa kwanza mwaka 2020, na zaidi ya farasi 500 walikufa. Chanjo ipo, ila sharti itolewe mapema na kurudiwa.

Jiografia ya Rusizi haisaidii. Bonde la Bugarama, jirani na Nyakabuye, liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari; ni miongoni mwa maeneo ya chini na yenye joto kuliko yote nchini, na lina mashamba mengi ya mpunga. Joto na maji yaliyotuama ndiyo mazingira wadudu wanayoyapenda.

Sababu ya pili ni ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Rwanda ina wastani wa watu wapatao 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Farasi mmoja wa kilo 450 hula takriban kilo tisa za malisho makavu kwa siku, hunywa lita 25 au zaidi za maji, na kwato zake hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Familia yenye shamba lisilofika hekta moja hulihitaji kwa maharage na mihogo.

Hata hivyo, farasi wapo Rwanda. Mjini Kigali, katika Mlima Kigali, kituo cha Fazenda Sengha hutoa mafunzo ya kupanda farasi kwa watu wazima na watoto. Huko kuna mwinuko zaidi, wateja wa kulipa ni wengi, na madaktari wa mifugo wako karibu.

Nyakabuye ina nini badala yake?

Somo la kumtunza mnyama halihitaji farasi. Ng'ombe ana nafasi katika utamaduni wa Rwanda ambayo farasi hajawahi kuwa nayo, na tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umezipatia ng'ombe familia maskini nchini kote. Kijana anayeamka alfajiri kukata majani, kusafisha zizi na kumtazama ndama mgonjwa hujifunza subira ile ile.

Eneo hilo pia lina chemchemi za majimoto, amashyuza, na msitu mdogo wa Cyamudongo, sehemu ya Hifadhi ya Nyungwe inayohifadhi sokwe mtu. Kambi inayowapeleka vijana huko pamoja na waongozaji wanaotambuliwa ina mengi ya kufundisha kuhusu uumbaji, kwa gharama ndogo zaidi.

Mzazi aulize nini?

Kambi, iwe na farasi au la, humtoa mtoto mikononi mwa wazazi kwa siku kadhaa. Maswali manne ni ya lazima.

La kwanza: nani anaandaa? Tangu mwaka 2018 sheria inadhibiti kwa karibu mashirika ya kidini, na maelfu ya nyumba za ibada zisizokidhi masharti zimefungwa. Mzazi ana haki ya kuona kibali.

La pili: nani analala karibu na watoto? Wavulana na wasichana watenganishwe, na mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2018 inawahusu hata wanaojitolea.

La tatu: usalama ukoje? Penye farasi, kila mtoto avae kofia ngumu na awe na mkufunzi. Penye maji, awepo mtu ajuaye kuogelea na kuokoa.

La nne: mafundisho ni yapi? Swali hili lina uzito kwa familia za Kiislamu, ambazo ni takriban asilimia 2 ya Wanyarwanda na nyingi huzungumza Kiswahili. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, unatambua uhuru wa dini wa mtoto na haki ya wazazi ya kumwongoza. Mwandalizi mwaminifu ataeleza wazi, kabla ya kupokea ada, kama kijana wa dini nyingine anaweza kushiriki michezo bila kulazimishwa kushiriki ibada.

Mwandalizi asiyeweza kuyajibu maswali hayo manne hastahili kukabidhiwa mtoto, hata kama ana farasi wazuri kiasi gani.