Mkono wa breki za tela: kwa vijana wanaoshusha mzigo toka mlimani kwa malori ya zamani ya jeshi

Ukifika wakati wa kushusha ndizi na parachichi, maswali ya usafiri yananijia mengi kuliko ya mbolea. Swali lenyewe huwa hivi: kijana amenunua lori la zamani la jeshi, amefunga tela nyuma, sasa fundi anamwambia aongeze mkono ndani ya kabini wa kushika breki za tela peke yake. Ni kitu cha lazima au fundi anatafuta hela?

Jibu langu ni hili. Kama unashuka Kibosho, Uru, Machame au Marangu na mzigo, uweke. Ila uwekwe na fundi anayezijua breki za upepo, maana ukifungwa vibaya unaweza kukuharibia hata breki nzuri ulizokuwa nazo.

Hebu tuangalie mlima wenyewe. Moshi mjini tuko kama mita 800 na ushee toka usawa wa bahari, na geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Tela la jumla ya tani 5 likishuka mita 500 tu, nguvu yake ikigeuka joto yote ingetosha kuchemsha kama lita 70 za maji baridi. Hilo joto lazima lipate pa kwenda. Sehemu inabebwa na injini ukiwa gia nzito, inayobaki inaishia kwenye dramu na lainingi. Tela lisipokuwa na breki, lori linafanya kazi ya wawili. Na si hivyo tu, tela linasukuma. Kwenye kona yenye tope la masika linausukuma mkia wa lori pembeni, kabini inageukia tela, vinakunjana. Hapo dereva hana tena la kufanya na usukani.

Kwetu kuna mtego mwingine. Kupanda tunapanda na mabua ya mahindi ya ng'ombe toka mashamba ya chini, mzigo mkubwa kwa macho lakini mwepesi. Kushuka tunashuka na ndizi. Dereva anazoea gari likiwa jepesi, halafu siku ya soko la Mwika anajaza tela mpaka juu.

Sasa huo mkono ni nini? Sio hendbreki ya kuegeshea, tuelewane hapo. Ni valvu ndogo yenye mpini, inakaa karibu na usukani. Ukiuvuta, upepo unatoka kwenye mtungi wa lori, unapita mpira wa breki mpaka kwenye tela, na magurudumu ya tela ndiyo yanayoshika. Ya lori yanabaki huru. Ukivuta kidogo inashika kidogo. Kwa hiyo tela linavutwa nyuma badala ya kukusukuma, na msafara wako unabaki umenyooka.

Kabla ya kununua valvu, nenda kwanza nyuma ukaangalie tela. Nasema hivi kwa sababu matela mengi yanayochomelewa mtaani yanatumia ekseli ya lori kuukuu iliyokwisha kung'olewa breki. Tela la hivyo hata ukiweka mikono mitatu kabini halitashika. Linahitaji lainingi nzima, vikombe vya upepo kwenye magurudumu, mtungi wake lenyewe na valvu ya dharura, ile inayofunga breki zenyewe mpira wa upepo ukikatika au tela likichomoka.

Halafu lijue lori lako. Malori ya zamani ya jeshi hayafanani. Mengine yana breki za upepo mwanzo mwisho. Mengine, kama M35 ya Marekani na ndugu zake, yanatumia mafuta ya breki yanayosukumwa kwa msaada wa upepo, kwa hiyo kompresa na mtungi vipo na kazi inawezekana. Kama lako ni la mafuta matupu bila kompresa, mkono huu si wako.

Kwenye kufunga, nakuomba usimame hapo hapo gereji uangalie mambo haya. Upepo wa mkono utoke mtungini kupitia valvu ya ulinzi, ili mpira wa tela ukipasuka lori lisibaki bila upepo. Pale njia ya mkono inapokutana na njia ya pedali lazima iwepo valvu ya njia mbili. Hii ndiyo mafundi wengine wanairuka wakiona ni kitu kidogo, wanaweka T ya kawaida. Ukivuta mkono, upepo unarudi kinyumenyume na kutokea kwenye tundu la valvu ya pedali, tela linashika nusunusu au halishiki kabisa. Valvu ya njia mbili inafunga upande mmoja na kuruhusu ule wenye presha kubwa. Swichi ya taa za breki nayo ikae baada ya makutano hayo. Vinginevyo utashika breki kwa mkono na bodaboda aliye nyuma yako haoni taa yoyote.

Mipira ya nyuma iko miwili: mmoja unajaza mtungi wa tela, mwingine unapeleka amri ya breki. Ipake rangi tofauti, wa kujaza uwe mwekundu. Vijana wa kupakia ndizi wakiichanganya, breki za tela hazifanyi kazi inavyotakiwa.

Ikikamilika, jaza upepo mpaka presha kamili, zima injini, vuta mkono, sikiliza. Kipimo kinachotumika Marekani kwa gari lenye tela ni kwamba breki zikiwa zimeshikwa presha isishuke zaidi ya psi 4 kwa dakika. Ikizidi hapo kuna sehemu inavuja, tafuta kwa maji ya sabuni. Kisha washa, weka gia ya kwanza, mkono ukiwa umevutwa, jaribu kuondoka taratibu. Tela likuzuie. Mwisho nenda sehemu tambarare, mwendo wa kutembea haraka, vuta mkono: utalisikia tela likikuvuta mgongo. Fanya jaribio hili la mwisho kila siku kabla ya kuanza kushuka.

Barabarani, ingia gia nzito juu kabisa kabla mteremko haujaanza. Mkono unautumia kwa vipindi, pamoja na pedali. Ukishuka toka Marangu mpaka Himo umeng'ang'ania mkono peke yake, lainingi za tela zitachemka na kuacha kushika, na ndipo utakapozihitaji zaidi. Tela tupu kwenye tope usilivutie mkono kwa nguvu, magurudumu yanafunga na tela linateleza pembeni. Na usiegeshe kwa mkono huu, upepo unavuja taratibu wewe ukiwa unakunywa chai. Weka kabari za mbao. Jioni fungua koki za mitungi utoe maji.

Wenye trekta na tela la shamba wanauliza kama haya yanawahusu. Mkono wa upepo wengi hamwezi kuufunga kwa kuwa trekta haina kompresa. Ila pedali zenu mbili za breki, kushoto na kulia, ziungeni kwa kile kipini chake kabla ya kutoka shambani. Ukikanyaga moja tu barabarani na tela linakusukuma, trekta linageuka papo hapo.