Usingizi wa Mchana Chuoni na Mipaka ya Kahawa

Usingizi wa mchana uliopita kiasi ni hali ya mtu kushindwa kukaa macho katika saa za kazi, hata anapotaka kwa dhati kusikiliza au kuandika, na hali hiyo hutofautiana na uchovu wa kawaida, kwa kuwa aliyechoka hupumzika bila kulala, ilhali mwenye usingizi husinzia bila kupenda. Wanafunzi wengi wa vyuo hukimbilia kwanza vichangamshi, yaani vitu vinavyoamsha ubongo kwa muda, kama vile kahawa, chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu na, nchini Kongo, zile mbegu chungu za kola ziitwazo makasu. Vyote hivyo huwa na kafeini, kwa hiyo anayetaka kujua faida na hasara zake hana budi kujua kwanza kafeini inavyofanya kazi.

Muda wote mtu anapokuwa macho, ubongo hujikusanyia dutu iitwayo adenosini, ambayo hushikamana na vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kikemikali, na kadiri inavyoongezeka ndivyo haja ya kulala inavyokua, mpaka usingizi wenyewe uipunguze. Kafeini, kwa kuwa umbo lake lakaribiana na la adenosini, huvikalia vipokezi hivyo bila kuupitisha ujumbe wa usingizi. Adenosini haiondoki, hukosa tu pa kukaa, na kafeini inapokwisha huvirudia vipokezi vyake ikiwa imezidi. Kahawa, basi, hailipi deni la usingizi, bali humnyamazisha mdai kwa saa chache.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwili huchukua takribani saa 5 kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia, na jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2013 lilionyesha kuwa miligramu 400 zilizotumiwa saa 6 kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Mwanafunzi anayekunywa kahawa saa nne usiku ili amalize somo hulala kidogo, huamka mzito, husinzia darasani, kisha huongeza kipimo jioni inayofuata, na hivyo kile alichokitumia kama dawa hugeuka kuwa chanzo cha ugonjwa. Hasara yake kubwa iko katika kumbukumbu, kwani ubongo huyaimarisha yaliyosomwa wakati mtu amelala, na anayekesha ili asome zaidi hujinyima saa zile zile ambazo masomo yake yangekaa. Vijana wa umri wa chuo huhitaji kulala saa 7 hadi 9 kila usiku.

Kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, hata hivyo, kusinzia mchana kuna maana nyingine ambayo haipaswi kusahauliwa. Maeneo ya Kasongo na Kabambare ni nchi ya mito na misitu ya kingoni mwa mito, na huko ndiko anakoishi mbung'o, nzi aenezaye malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyekitambua kimelea cha malale katika damu ya mgonjwa huko Gambia na kukipa jina mwaka 1902, alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiugua homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Kimelea hicho, aina ya tripanosoma, huanza kwa kukaa katika damu na tezi, na baada ya miezi au hata miaka huingia katika ubongo na kuvuruga mpangilio wa kulala na kuamka, hivi kwamba mgonjwa hulala mchana na kukosa usingizi usiku.

Yafaa kuangalia jinsi dalili hizo zinavyofanana na za mwanafunzi anayekesha. Wote wawili husinzia mchana, hukesha usiku, huumwa kichwa na kupoteza umakini, na anayejitibu kwa makasu anaweza kuipa malale muda wa kusonga mbele huku akidhani ni mitihani inayomchosha. Tofauti hudhihirika mtu anapolala vya kutosha kwa wiki mbili bila vichangamshi vya jioni, kwa kuwa deni la kukesha hupungua, ilhali ugonjwa hubaki. Zikiwapo pia homa za kurudiarudia, tezi zilizovimba nyuma ya shingo au mabadiliko ya tabia, kipimo cha damu hakipaswi kungojea wiki hizo, na ni busara kupima pia malaria na upungufu wa damu, ambavyo navyo huuchosha mwili.

Tiba ya malale imebadilika sana. Zamani wagonjwa ambao ubongo wao umeshaathirika walidungwa dawa yenye aseniki, iliyoweza kuua, lakini tangu feksinidazoli ilipoidhinishwa nchini Kongo mwishoni mwa mwaka 2018, wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge vya siku 10. Wagonjwa walioripotiwa duniani walikuwa karibu 40,000 mwaka 1998, na mwaka 2018 hawakufika 1,000. Upungufu huo ni ushindi mkubwa, lakini una hatari yake, kwa sababu ugonjwa uliokuwa nadra husahaulika upesi, na mhadhiri amwonapo kijana akisinzia humwita mvivu. Chuo kinachowajali wanafunzi wake kinapaswa kuwafundisha kulala kabla ya kuwahimiza kukesha, na kumpeleka kituo cha afya yule ambaye usingizi wake hauishi hata baada ya kupumzika.