Sauti ya Mbilia Bel, maneno ya Tabu Ley

Nani kati yetu hakucheza « Eswi yo wapi » kwenye sherehe ya ndoa? Sauti ni ya Mbilia Bel, aliyeingia orkestra Afrisa mwaka 1981. Mtunzi ni Tabu Ley Rochereau, yeye pia mwimbaji mkubwa. Tabu Ley alikuwa mkubwa wa orkestra. Jina lake halikupotea. Lakini binti yako anayetungia wengine nyimbo hapa Lubumbashi, nani atamlinda? Mama, umuonye: kabla ya kutoa wimbo, aandike maneno yote, jina lake na tarehe, na mwimbaji atie sahihi. Kisha ajiandikishe SOCODA, shirika la haki za watunzi. Jasho lake lisiliwe na wengine.