Waliobaki Nyumbani Siku za Joto

Msomaji mpenzi, umepata kusikia kanisa likifungwa kwa sababu ya joto? Huku kwetu kanisa hujaa jua likiwaka, tena hujaa mvua ikinyesha, na mtu akikosa Jumapili kwa kisingizio cha hali ya hewa majirani humcheka. Lakini iko nchi ambako, kwa miaka mingi, milango ya makanisa kadha wa kadha ilifungwa mwezi wa Juni, isifunguliwe tena hata Septemba. Tuwatazame watu hao leo, maana katika habari zao limo jambo linalotuhusu na sisi.

Watu wenyewe ni Waunitariani na Wauniversalisti wa Marekani. Zamani walikuwa makundi mawili, wakaungana mwaka 1961. Hawana kanuni ya imani ambayo kila mmoja wao hana budi kuikiri. Katika benchi moja huketi mtu anayemwamini Mungu, na wa pili anayemtafuta, na hata wa tatu asiyeamini. Kila usharika hujitawala wenyewe, na mchungaji huchaguliwa kwa kura za waumini. Mafundisho yao si yetu, wala si hayo tunayoyapima leo. Tunataka kuona jinsi wanavyokaa pamoja, hasa wakiwa wachache. Sharika zao nchini Marekani zapata 1,000, na nyingi ni ndogo sana, kila mtu anamjua mwenzake kwa jina. Nyingine hazina hata mchungaji.

Bila shaka utauliza: joto lawezaje kufunga kanisa? Basi sikiliza. Huko kaskazini baridi ni kali na ya muda mrefu. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya jua. Shule hufungwa, na wafanyakazi wengi huchukua likizo zao. Zamani, katika miji kama Boston, matajiri walihama na watoto wao wakaenda kupunga upepo pwani au milimani. Mchungaji naye alipewa likizo ndefu. Walipoona viti vitupu, wakasema heri tufunge mpaka watu warudi. Desturi ikashika mizizi, hata sharika ndogo zisizokuwa na tajiri hata mmoja zikaifuata.

Kabla ya kutawanyika, wengi wao hufanya sherehe ya maua. Sherehe hii haikuzaliwa Marekani. Aliyeianzisha ni mchungaji Norbert Čapek, katika mji wa Prague, mwezi wa Juni mwaka 1923, kabla ya watu wake kwenda likizo. Čapek mwenyewe alilelewa Mkatoliki, na wengi wa watu wake walikuwa wameliacha Kanisa letu. Hawakutaka tena ibada ya mkate na divai, lakini walihitaji kitu cha kuwafunga pamoja. Akachagua maua. Kila mmoja huja na ua lake, la bustanini au la kando ya njia, na kulitia katika chombo kimoja. Ibada ikiisha, kila mmoja huondoka na ua aliloleta mwingine. Maana yake yaeleweka hata kwa mtoto: hakuna maua mawili yaliyo sawasawa, na asiyekuja ameacha pengo katika chombo.

Mtu huyo hakufa kitandani mwake. Wanazi walipoitawala nchi yake walimkamata, mwaka 1941. Wakampeleka katika kambi ya Dachau, na mwaka 1942 wakamwua kwa hewa ya sumu. Mkewe, Maja, alikuwa Marekani wakati huo. Yeye ndiye aliyewapa watu wa huko sherehe ya maua, mwaka 1940, katika mji wa Cambridge, karibu na Boston.

Haya, maua yamekwisha kugawanywa, watu wameagana, miezi ya joto imeingia. Lakini je, wote wameondoka? Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mwenye fedha amekwenda pwani. Aliyebaki ni nani? Ni bibi kizee asiyeweza kusafiri. Ni mama anayelea watoto peke yake, ambaye shule ikifungwa mzigo wake huongezeka badala ya kupungua. Ni mgonjwa, na mtu aliyefiwa na mwenzake juzijuzi, na mfanyakazi asiye na likizo. Kumbe, kanisa likifungwa siku za joto, linafungwa mbele ya macho ya wale hasa wanaolihitaji. Upweke hauchukui likizo, ndugu msomaji.

Kwa sababu hiyo sharika nyingi ndogo siku hizi huacha mlango wazi. Mchungaji akiwa likizoni, au asipokuwapo kabisa, waumini wenyewe hushika zamu. Jumapili hii mwalimu husimulia alichojifunza kwa watoto, na Jumapili ya pili muuguzi hueleza habari za kukaa na wagonjwa. Ya tatu huenda mkulima akazungumza juu ya udongo. Nguo za kifahari huwekwa kando. Pengine huanza asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, au hukutana nje chini ya miti. Baadaye hula pamoja, kila nyumba ikileta chungu chake na kukiweka mezani, wala hapana anayeuliza chungu kipi kilitoka kwa nani. Na kama paa linavuja, huchagua siku moja ya kulitengeneza, maana mvua na theluji hazitawangoja.

Kazi hiyo ina faida ambayo hawakuitazamia hapo kwanza. Mtu aliyezoea kusikiliza tu hujikuta anasema. Mama mwenye haya, ambaye hakudhani kuwa ana neno la kuwaambia wenziwe, hutakiwa kusimama mbele. Huenda sauti ikamtetemeka, lakini atakapoketi wenziwe watakuwa wamemjua kuliko walivyomjua kwa miaka kumi.

Wako pia wanaokwenda likizo pamoja, kama jamaa moja. Liko kundi la visiwa vidogo, yapata kilometa 10 kutoka pwani ya New Hampshire. Kimoja huitwa Star Island, ni mawe matupu na hoteli kubwa ya mbao. Waunitariani walianza kukutana humo mwaka 1897, kwa juhudi za bwana mmoja Thomas Elliott na mkewe Lilla. Mwaka 1915 likaundwa shirika la kukinunua na kukitunza, wakishirikiana na Wakristo wa madhehebu mengine. Hata leo watu huenda huko wazazi kwa watoto, wakae juma zima wakijifunza, wakiimba na kucheza. Jioni, kila mmoja akiwa na taa mkononi, hupanda kimya mpaka kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1800. Ndani hamna umeme. Mwanga ni ule tu walioleta wenyewe, na wakitoka huuchukua, kanisa likabaki gizani.

Ni jambo zuri. Lakini safari kama hiyo ina nauli yake, na malazi, na chakula. Siyo kila mtu awezaye. Na hapo ndipo yalipotokea manung'uniko ninayotaka uyajue.

Septemba ikifika, watu hurudi. Sharika nyingi huwapokea kwa sherehe ya maji. Ilianzishwa na akina mama mwaka 1980, katika mkutano wao huko East Lansing, Michigan. Wawili walioitunga ni Carolyn McDade na Lucile Schuck Longview. Maji kutoka mahali mbalimbali yalimiminwa katika bakuli moja, kuonyesha kwamba waliotoka mbali na karibu ni kitu kimoja. Basi sharika zikaichukua desturi hiyo ili kufungua mwaka wao. Kila mmoja huleta maji kidogo ya huko alikokuwa siku za joto, huyamimina, na kusema yametoka wapi.

Je, waona mahali penye mtego? Wa kwanza husimama na kusema, haya ni ya bahari ya Ugiriki. Wa pili husema, haya ni ya ziwa lililo katika milima ya Uswisi. Kisha anafuata mama aliyekuwa nyumbani miezi yote mitatu akimwuguza mumewe. Ana maji ya bomba la jikoni. Atasema nini? Wako walioona haya, wakaamua siku ile kutokuja kabisa. Sherehe iliyotungwa kuwaunganisha watu ikawa ya kuwapima kwa nauli zao.

Sharika kadhaa zilisikia manung'uniko hayo zikageuza desturi. Nyingine zimesema maji yamiminwe kimya, pasiwe na kutaja mahali. Nyingine huwaomba wote walete maji ya nyumbani kwao. Na nyingine humwuliza mtu siyo alikwenda wapi, bali ni nini kilichomtia nguvu katika miezi ile. Hapo maji ya bomba hupata heshima sawa na maji ya bahari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakiulizi haba ilitoka wapi.

Msomaji mpenzi, sisi hatuna majira yao ya joto. Lakini tunayo majira ya watu kuondoka. Vijana huenda mjini kutafuta kazi. Wakati wa kulima wengine huhamia mashamba ya mbali. Padre ana vigango vingi, naye huenda akapita kwako mara chache kwa mwaka. Hapo katekista na wazee hushika zamu, kama wale wa huko. Je, mmewahesabu waliobaki? Nani amepita kwa mzee asiyeweza tena kutembea mpaka kanisani?

Na mtego wa maji sisi pia tunao. Sikukuu ikifika, mwana wa mjini hurudi na viatu vinavyong'aa, na kijiji kizima humzunguka kusikia habari. Kaka yake, aliyekaa mwaka mzima akimtunza mama yao mgonjwa, huketi pembeni, hana safari ya kusimulia. Mkaribisheni yule aliyerudi, maana ni damu yenu. Lakini katika sikukuu ijayo mwulizeni na huyu wa pembeni habari za mwaka wake, na mumsikilize mpaka amalize.